Sekunde Arobaini za Mtabiri

Kitasa kilizunguka, mlango wa stoo ukafunguka, na Mama Barafu, ambaye wiki jana tulimwacha amejibanza nyuma ya kreti za chupa tupu na waya mkononi, aliacha kupumua.

Aliyeingia alikuwa Mtabiri mwenyewe. Peke yake.

Kwa wewe uliyeidandia hadithi leo nitakueleza upesi, maana fainali inaanza saa kumi na haimsubiri mtu. Mtabiri ni shemeji yake Mama Barafu, mdogo wa marehemu mumewe. Baa hii ya mpira ilikuwa ya marehemu, na kwa miaka kumi Mama Barafu ndiye aliyezunguka na ndoo ya barafu meza hadi meza, ndiyo maana wateja wakambatiza jina hilo. Marehemu alipozikwa, shemeji akaibuka na kipaji. Anatoka stoo, anasimama katikati ya ukumbi, anasema kona hii inazaa goli, na goli linaingia. Watu wakaanza kumshangilia yeye kuliko wachezaji.

Halafu akaanza kumwita shemeji yake. "Shemeji, lete barafu meza ya mbele." Mama Barafu akitokea tu mbele ya skrini, Zambarau, timu ya mtaa mzima, wanafungwa. Ilitokea mara tatu, mechi tatu mfululizo. Ya tatu, kinyozi wa jirani alisimama, akamnyooshea kidole na kusema mkosi ni huyu. Mama Barafu alitolewa katikati ya meza, na kila alipopita watu walifunika glasi kwa viganja ili kivuli chake kisiingie kwenye vinywaji vyao. Wapo walionong'ona kwamba hata marehemu aliondoka kwa mkosi huo huo.

Leo asubuhi ndipo alipoujua ukweli. Fundi Dishi, ambaye hakuna paa la mtaa huu asilolipanda, alimwingiza stoo kisirisiri na kumwonyesha kisanduku cheusi ukutani. Picha ya dishi inafika stoo moja kwa moja, kwenye runinga ndogo. Ile inayokwenda skrini kubwa ya ukumbini inapita kwanza kwenye kisanduku, nacho kinaizuia sekunde arobaini. Basi. Utabiri wote ndio huo. Mtabiri analiona goli humu ndani, anatoka, anawatangazia watu ambao bado hawajaliona. Na kila alipomwita shemeji yake na ndoo yake, alikuwa ameshaona Zambarau wamefungwa.

Sasa unaelewa kwa nini damu ya mwanamke huyu ilikuwa inachemka.

Kuna jingine. Leo filimbi ya mwisho ikilia, Mama Jengo, mwenye nyumba hii, anatia sahihi mkataba wa kumpa Mtabiri ukumbi kwa miaka kumi. Mama Barafu alitaka mambo mawili: ukumbi wake urudi, na shemeji yake atoke kwa aibu ile ile aliyotolewa yeye. Mkiniuliza mimi lipi alilitaka zaidi, nitasema la pili.

Mtabiri alivuta kiti mbele ya runinga ndogo. Runinga ilikuwa giza.

Ilikuwa giza kwa sababu waya wake ndio ule uliokuwa mkononi mwa Mama Barafu. Fundi alikuwa amemfundisha kazi: nyaya mbili, matundu mawili, unazibadilisha, ukumbi unakuwa mbele na stoo inabaki nyuma. Alikuwa amechomoa wa kwanza tu kitasa kilipozunguka.

Mtabiri alibonyeza rimoti. Akabonyeza tena. Akatukana kwa sauti ya chini, akainuka, akainama kuchungulia nyuma ya meza. Uso wake sasa ulikuwa kreti mbili tu kutoka uso wa shemeji yake, na marashi yake yakamfikia puani. Yalikuwa marashi ya marehemu. Ile chupa aliyoiacha kabatini siku ya kufukuzwa, jamaa alikuwa anajipulizia bila hata haya.

Chuki ina namna nyingi, lakini ile iliyompanda Mama Barafu wakati huo ilimfanya aubane waya kama anayebana shingo ya mtu.

Mtabiri akabadili mawazo. Badala ya kusogeza kreti, aliizaba runinga kofi. Wakati huo huo Mama Barafu akauchomeka waya. Picha ikarudi.

"Mimi ndiye mimi," Mtabiri aliiambia runinga, akakaa, akavaa hedifoni. Alizivaa kila mara, maana sauti ya mtangazaji ikisikika kutoka stoo kabla ya ukumbini, biashara imekwisha.

Hizo hedifoni zilimwokoa mwanamke wetu kipindi kizima cha kwanza. Mguu ulimfa ganzi, chupa mbili zikagongana, mwenzake wala hana habari. Zilikuwa zimepita dakika ishirini Mama Barafu alipoona picha yenyewe: beki wa Zambarau kateleza, wageni wamefunga. Mtabiri alivua hedifoni akacheka peke yake.

"Shemeji, ungekuwepo leo ningekuita na ndoo yako," alisema, akatoka.

Alidhani anazungumza na kreti. Mama Barafu aliuma ukosi wa gauni lake asije akapiga kelele. Angeweza kuzibadilisha nyaya pale pale, lakini Fundi alikuwa amemwonya: picha ikiruka katikati ya mchezo, ukumbi mzima utashtuka na Mtabiri atajua. Angoje mapumziko, wakati wa matangazo ya biashara. Kwa hiyo akabaki anasikiliza kupitia ukutani jinsi shemeji yake anavyowaambia watu wakae chini, anahisi baridi, tunafungwa. Kikafuata kilio cha ukumbi mzima. Kisha sauti ya Mama Jengo ikapanda juu ya zote, ikisema kwamba huyu mtu ana jicho, na mkataba alishaubeba kwenye mkoba.

Zambarau walisawazisha kabla ya mapumziko. Mtabiri akalitabiri na hilo.

Matangazo ya biashara yalipoanza, alitoka kwenda kupokea sifa zake. Mama Barafu akachomoka nyuma ya kreti. Nyaya zilitii. Huu huku, ule kule. Kazi ya kufumba na kufumbua.

Akaushika mlango atoke. Mlango umefungwa kwa ufunguo.

Mpango ulikuwa akakae meza ya Fundi, ajifunike kofia na kuyatazama yote kama mteja. Sasa itabidi awe humu ndani, hatua tatu kutoka kwa mtu anayemchimbia kaburi. Alirudi nyuma ya kreti. Hakuogopa. Niseme ukweli, alifurahi.

Kipindi cha pili kilianza, Mtabiri kwenye kiti, hedifoni masikioni. Sasa yeye ndiye aliyekuwa nyuma, hana hili wala lile. Dakika zikayoyoma, bado ni goli moja kwa moja, hakuna jingine. Kisogo chake kilimeremeta jasho. Alihitaji goli la mwisho la kumlainisha Mama Jengo kabisa.

Dakika ya themanini na nne, ukumbi ulilipuka. Viti vilianguka, kuta zikatetemeka, watu wakaimba. Kwenye runinga ndogo, Zambarau walikuwa bado wanarusha mpira katikati ya uwanja.

Mama Barafu akaanza kuhesabu moyoni. Moja. Mbili. Tatu. Mtabiri alikuna shingo. Kumi na tano. Ukumbini mtu aligonga ukuta kwa furaha, na Mtabiri akasogeza hedifoni kidogo. Mama Barafu akajikunja zaidi nyuma ya kreti. Jamaa akazirudisha, maana watu wa baa hupiga kelele hata kwa mpira wa kurusha. Ishirini na tisa. Thelathini. Kona ya Zambarau. Arobaini, namba tisa aliruka juu ya wote na kupiga kichwa.

Mtabiri aliruka naye. Alizitupa hedifoni, akafungua mlango na kutoka mbio, mikono juu.

"Tulieni, jamani," alitangaza katikati ya ukumbi. "Naiona kona. Naona kichwa cha namba tisa. Zambarau wanapata goli sasa hivi."

Watu waliokuwa wamekumbatiana waliachana. Waliokuwa wanaimba wakanyamaza. Aliyesimama juu ya kiti akashuka taratibu. Kwenye skrini kubwa, mpira ulikuwa umeshaanzwa upya katikati.

Kinyozi ndiye aliyejibu. "Mzee, hilo goli tumeshalinywea."

Kicheko kilianzia meza ya nyuma na kusambaa hadi kaunta. Mtabiri alitazama skrini, akatazama watu, macho yakamtoka. Akaanza kusema kwamba alimaanisha goli la tatu, kwamba jicho lake leo limechoka. Kila alilolisema lilizidisha kicheko. Mama Jengo peke yake hakucheka. Alikuwa amevaa jezi ya zambarau juu ya gauni lake la heshima, na kalamu ilikuwa tayari mkononi.

"Umetokea wapi na kuchelewa huko?" aliuliza.

"Ametokea humu," ilijibu sauti nyuma ya Mtabiri. Mama Barafu alisimama kwenye mlango wa stoo, vumbi hadi kwenye nyusi.

Wenye glasi walizifunika mara moja kwa viganja. Ndivyo mazoea yalivyo. Mama Barafu aliyaona. Aliufungua mlango hadi mwisho, watu wote waione runinga ndogo, na wachezaji wale wale wa Zambarau ndani yake, wakiwa bado wanarukiana kushangilia goli.

Wakati huo kwenye skrini kubwa, namba tisa alikuwa anatolewa kupumzishwa. Alitembea, akapiga makofi, akamkumbatia kocha, akaketi benchi.

"Mmemwona ameketi?" Mama Barafu aliuliza. Walimwona. Aliingia stoo, akazibadilisha nyaya.

Skrini kubwa ilipepesa. Namba tisa, aliyekuwa ameketi, alikuwa tena uwanjani, anatembea kuelekea benchi, anapiga makofi yale yale.

Wote wakamgeukia Mama Barafu. Mpira uliendelea bila mtazamaji hata mmoja, na sidhani kama uliwahi kufanyiwa hivyo katika baa ile.

Mama Barafu aliwaeleza kila kitu kwa maneno machache. Kisanduku, sekunde, mara tatu alizoitwa na ndoo. Kisha akamgeukia kinyozi na kumuuliza kwa upole ni nani hasa aliyekuwa mkosi. Kinyozi akawa wa kwanza kuondoa kiganja chake. Mmoja mmoja, watu wakaondoa viganja kwenye glasi. Mwanamke wa meza ya mbele alianza kulia, akiomba msamaha kwa niaba yake na ya mumewe.

"Msamaha tutauongea kesho," Mama Barafu alisema. "Leo nataka kitu kimoja. Shemeji anatoka. Anapita pale pale nilipopita mimi. Na nyinyi mnajua cha kufanya."

Walijua. Mtabiri alipopiga hatua ya kwanza, kinyozi alifunika glasi yake. Kisha meza ya pili, kisha ya tatu. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyemgusa. Ilisikika tu sauti ya viganja vikitua juu ya glasi, meza baada ya meza. Mtabiri alitembea huku amekaza shingo, na uso wake ukawa wa kijivu. Mama Barafu alimsindikiza kwa macho na kuonja kila hatua. Miezi saba, tangu siku ya kufukuzwa, alikuwa ameingoja ladha hii, na ilikuwa tamu kuliko alivyodhani.

Mama Jengo aliuchukua mkataba mezani, akafuta jina la Mtabiri kwa mstari mmoja mnene na kumnyooshea Mama Barafu kalamu.

Mlangoni, Mtabiri aligeuka.

"Natoka," alisema. "Lakini kabla hajatia sahihi, muulizeni Fundi. Hicho kisanduku alinifungia mimi?"

Fundi Dishi alikuwa meza ya pembeni. Alitazama ndani ya glasi yake kama mtu aliyedondosha kitu humo.

"Fundi, mjibu," alisema Mama Barafu.

"Dada, tuyaache. Tulichokitaka tumekipata."

"Nimesema mjibu."

Fundi alivua kofia. "Sikumfungia yeye. Alikikuta. Nilikiweka mwaka wa pili wa ukumbi huu, na aliyeniita ni marehemu. Aliniambia ni mchezo tu, wa kuwachekesha wateja. Nilitaka kukwambia asubuhi, nikashindwa."

Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwa Mama Barafu. Aliihisi nzito. Alimkumbuka mumewe akienda stoo katika kila mechi kubwa, eti kupanga kreti, na kurudi akisema tutapata penalti, na ikawa penalti. Yeye akijivunia. Hata msibani aliwasimulia watu jinsi mume wake alivyoujua mpira. Aliumia, na aliumia zaidi kwa sababu mtu aliyemwumiza hakuwepo wa kugombana naye.

"Mwaka wa pili," Mama Jengo alirudia. "Mwaka wa pili ndio mdogo wangu aliondoka."

Wateja wapya walitazamana. Wa zamani walitazama sakafu. Wenyeji wanajua kwamba ukumbi huu ulifunguliwa na wanaume wawili wenye haki sawa: marehemu, na mdogo wake Mama Jengo, fundi cherehani aliyeshona jezi za nusu ya mtaa. Msimu mmoja fundi cherehani akawa mkosi. Alikuwa akitumwa kuleta limau kaunta, akirudi tu, Zambarau wamefungwa. Ilitokea mara nne. Aliuacha ukumbi, akauacha mtaa, akauacha mji. Miaka tisa sasa dada yake akimpigia anaitikia salamu, basi.

"Aliyekuwa akimtuma limau ni nani?" Mama Jengo aliuliza.

"Marehemu," kinyozi alisema taratibu.

"Na siku ile ya mwisho. Mvua inanyesha, mdogo wangu kasimama hapo nje, anaomba aingie, kuna mtu akamwambia aangalizie dirishani asituletee nuksi. Akamfungia mlango usoni. Nilikuwepo nikanyamaza, na hilo ni langu. Lakini aliyefunga ni nani?"

Mama Barafu angeweza kusema hakumbuki. Ukumbi ulikuwa upande wake, sahihi ilikuwa kazi ya sekunde moja, na nusu ya waliokuwepo siku ile wameshahama. Alimtazama Mtabiri pale mlangoni, akamwona anasubiri huo uongo kwa hamu.

"Mimi," alisema. "Sikujua kuhusu waya. Niliamini ni mkosi kweli, kama hawa walivyoniamini mimi."

"Sijakuuliza uliamini nini."

Mama Jengo aliichukua kalamu yake kutoka mkononi mwa Mama Barafu. Aliukunja mkataba mara mbili, akaurudisha kwenye mkoba. Kisha akamwambia kinyozi afunge mlango, na Mtabiri arudi ndani akae. Hakuna aliyebisha. Mtabiri alikaa kwenye kiti cha kwanza alichokikuta, na kwa mguu akakisukuma cha pili kuelekea kwa Mama Barafu.

"Karibu, shemeji," alisema, na alikuwa anatabasamu.

Mama Jengo alikuwa ameshapiga simu. "Mdogo wangu," alisema ilipopokelewa, "leo usiniitikie salamu, nisikilize. Kumbe hukuwa mkosi. Ulifanyiwa, na nimeona kwa macho yangu ulivyofanyiwa. Marehemu siwezi kumfikia. Lakini mkewe ninaye hapa, na mdogo wake ninaye hapa, na mlango nimeufunga. Ukumbi ni wako. Wewe ndiye utakayeniambia niwafanye nini."

Aliiweka simu mezani, sauti nje, ili wote wasikie. Kwa muda ilisikika cherehani tu, kwa mbali, ikishona. Kisha ikasimama.

"Mkewe," ilisema sauti ya mwanamume, bila hasira na bila haraka. "Yule aliyefunga mlango. Mpe simu."

Na Mama Barafu, ambaye dakika chache zilizopita alikuwa anauonja utamu wa kisasi, alinyoosha mkono akaipokea.